Siri Aliyomwambia Meneja

Mtahini wa nje alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai yake, akaivaa tena. Maswali, mwanafunzi aliyekuwa anatetea tasnifu yake, alikuwa ameshaijua dalili hiyo. Kila mzee yule alipofuta miwani, swali lililofuata lilikuja na mwiba.

"Binti," akasema, "unatuambia mashine ya kukata sabuni inasimama kila siku, na bado kiwanda hakipati hasara. Mimi nimekaa viwandani tangu wewe hujazaliwa. Mashine ikisimama ni hasara. Hata mtoto anajua."

Watu wachache waliokuwa ukumbini wakacheka. Maswali naye akatabasamu, ingawa viatu vya kuazima vilikuwa vinamtafuna visigino.

"Ni kweli, Profesa, ikisimama haikati sabuni. Lakini tuangalie kinachotokea ikishawaka tena. Wafungashaji wanarudi mezani wamenyoosha migongo. Karatasi zinazochanika zinapungua. Maboksi yanayorudishwa kwa kufungwa vibaya yanapungua. Kufikia jioni, zamu iliyosimama imetoa mzigo mzuri zaidi kuliko zamu ambayo haikusimama. Wale watu wamechoka, Profesa. Pendekezo langu ni hilo tu: kiwanda kiwape mapumziko ya halali mchana, na mashine haitasimama tena."

"Na kwa nini inasimama? Umeandika 'sababu za kiutendaji'. Zipi?"

Maswali alikuwa anaijua sababu. Lakini walioisema walimshika mkono kwanza, wakamwapisha.

"Niliohojiana nao waliniomba nisiiandike. Niliwaahidi."

Mzee akafunga tasnifu iliyokuwa mbele yake. "Vizuri. Mtafiti asiyeweza kutunza neno la mtu hafai kupewa shahada yoyote."

Maswali akashusha pumzi, na macho yakamkimbilia kule yalikokuwa yakimkimbilia tangu asubuhi: kiti cha mwisho karibu na dirisha. Meneja, mchumba wake, alikuwa amekaa pale na shati lake jeupe, shada la maua mapajani. Alimtikisia kichwa polepole, kama mtu anayesema, nilikwambia utaweza.

Jina la Maswali alipewa na wafungashaji wa kiwanda cha sabuni, siku alipoingia kwa mara ya kwanza na ovaroli iliyompwaya kama pazia. Aliuliza kila kitu. Kwa nini boksi linakaa kushoto? Kwa nini mkasi umefungwa kamba? Kwa nini mnasimama na viti vipo? Mpaka mmoja akasema, "Huyu si mwanafunzi, huyu ni maswali matupu," na jina likanasa. Mlango wa kiwanda alifunguliwa na watu wawili. Wa kwanza ni mama mdogo wake, mdogo wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni na ambaye alikuwa mfungashaji hapo kwa miaka mingi. Wa pili ni Meneja wa uzalishaji, aliyesaini ruhusa ya utafiti, akamwonyesha mitambo, akarudi kumwonyesha tena mitambo ileile, na mwisho akakiri kwamba mitambo yenyewe imeisha, ila yeye bado hajachoka kumwonyesha.

Ukumbini sasa wasikilizaji wote wakatakiwa kutoka nje wakati watahini wanajadiliana. Walipoitwa tena, Daktari, mhadhiri aliyemsimamia Maswali tangu mwanzo, alikuwa anajizuia kucheka.

"Umefaulu. Masahihisho madogo madogo tu. Hongera, mwanangu."

Meneja alipiga makofi, akawa wa kwanza kumfikia. Hakumkumbatia mbele ya walimu. Alimpa maua, kisha akaishika mikono yake yote miwili pamoja na maua yenyewe, na kumwangalia kwa yale macho yake mazito yaliyokuwa yakimfanya asahau sentensi katikati.

"Sasa hivi umebaki kuwa mke wangu tu," akamnong'oneza. "Kisomo kimekwisha."

"Mama yako amekubali?"

"Atakubali. Niachie mimi."

Kila mara lilikuwa jibu hilo. Niachie mimi. Mama yake Meneja alikuwa na duka kubwa la vitambaa na shingo isiyogeuka upesi. Tangu mwanawe ataje uchumba, hakuwahi kukanyaga kwao Maswali, wala hakusema kwa nini.

Walipofika kwenye gari, Maswali akageuka kutazama geti la chuo. "Mama mdogo hajaja. Aliniambia atafanya nusu zamu, aje. Si wewe ulimpa ruhusa?"

"Kuna mambo yalijitokeza asubuhi." Meneja alikuwa anatafuta funguo mfukoni, akazitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Zima simu, mpenzi. Nimetafuta mahali pazuri tule. Nina kitu cha kukupa. Leo iwe yetu."

"Iwe yetu, lakini tupite nyumbani kwanza. Habari hii asiisikie kwa mtu mwingine."

"Tutaenda jioni."

"Tupite sasa. Dakika chache tu."

"Maswali, kwani lazima?"

Aliuliza kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia. Maswali akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile ni Meneja aliyekwepesha macho. Lakini mtu mwenye furaha hatafuti tundu kwenye mfuko wake. Akacheka, akafunga mkanda wa kiti. "Lazima. Endesha."

*

Mlangoni kwao kulikuwa na viatu vingi.

Moyo wa Maswali ukaruka. Viatu vingi vile mlangoni huwa ni msiba au sherehe, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amefaulu, akachagua sherehe. Akavivuka mbiombio, akaingia sebuleni na maua yake kifuani.

"Jamani, nimefaulu!"

Wanawake wa meza ya kufungashia walikuwa wamejaa kwenye makochi na sakafuni. Adhuhuri, siku ya kazi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ovaroli. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani.

"Hongera, mwanangu," akasema. Alisema vizuri, lakini hakunyanyuka.

"Mpe hongera yake yote," akasema Mama Pacha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mashine. "Mwambie na sisi tumehitimu leo."

"Mmehitimu nini, mama?"

"Kazi. Tumehitimu kazi."

Hakuna aliyecheka. Mama mdogo akaeleza taratibu, kama anayesimulia habari za jirani. Walipofika getini asubuhi, mlinzi aliwazuia. Kila mmoja akakabidhiwa bahasha. Wamefukuzwa kwa hujuma, kwa kuharibu mashine ya kiwanda kwa makusudi.

"Nikajua nikija ukumbini na sura hii, utasahau ulichosoma," akamalizia. "Ndiyo maana sikuja."

"Wameandika mpaka nati," akasema binti mmoja mjamzito, machozi yakimtiririka bila sauti. "Nati ya mkanda, ile ya upande wa ukutani. Nani anailegeza, nani anamchungulia fundi mlangoni. Hata mimi, kwamba nalala juu ya maboksi mashine ikisimama. Yote."

"Miaka yote hiyo fundi hakujua," akasema Mama Pacha. "Wasimamizi hawakujua. Tulimwambia mtu mmoja tu duniani, tena baada ya kumwapisha." Akamgeukia Maswali. Wote wakamgeukia, isipokuwa mama mdogo, ambaye aliendelea kutazama mikono yake. "Niambie basi, msomi. Umetuandika?"

"Sikuandika! Nawaapia, hakuna hata mstari. Leo wameniuliza mbele ya watu, nimekataa kusema. Sikumwambia mtu ye..."

Akakumbuka.

Ilikuwa Jumapili moja mchana, wamekaa kwenye benchi mbele ya maktaba ya chuo, yeye na Meneja. Sura ya nne ya tasnifu ilikuwa imekubalika na yeye alikuwa amelewa furaha. Akamsimulia. Akamwigizia mama mdogo anavyoinama kama anaokota karatasi, anavyoizungusha nati kidogo tu, anavyorudi mezani na uso wa mtu asiyejua lolote. Meneja alicheka mpaka akajifuta machozi. "Na mama mdogo naye yumo?" "Yumo? Ndiye fundi mkuu!" Kisha akamwekea kidole mdomoni. "Hii ni yangu na yako. Hata godoro lako lisisikie." Na Meneja alikibusu kile kidole.

Pale sebuleni, nyuma yake, mlango ukasukumwa. "Shikamooni, mama zangu."

Salamu ile haikupokelewa na mtu. Meneja alisimama kizingitini na tabasamu lililoanza kumdondoka kipande kipande.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mama Pacha, akanyanyua mkoba wake. "Twendeni. Hapa wenyewe wana mazungumzo yao."

Wakatoka mmoja baada ya mwingine, wakipita katikati ya wapenzi wale wawili kama maji yanavyopita kati ya mawe.

*

Waliongea nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo. Ovaroli ya mama mdogo ilikuwa imeanikwa pale, bado inachuruzika. Alikuwa ameifua. Alipofukuzwa kazi, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuifua.

"Ni wewe?" Maswali akauliza.

"Nisikilize kwanza."

"Nimekuuliza kitu kimoja."

"Mkurugenzi alikuwa ananibana. Kila kikao, kwa nini mashine inasimama? Wewe meneja gani? Ningemjibu nini? Kwamba najua, ila mchumba wangu ameniambia ninyamaze?"

"Ndiyo! Au ungemwambia nilichoandika. Uliisoma kazi yangu yote, sura kwa sura. Ulinisahihishia hadi majedwali! Wapeni watu mapumziko. Ulishindwa kutamka maneno hayo?"

"Mpenzi, hayo ni mambo ya chuoni. Ni mazuri, lakini mkurugenzi hakutaka mapendekezo. Alitaka watu."

"Ukampa watu."

Meneja akainamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu. "Jina la mama mdogo sikulitaja. Naapa kwa roho yangu. Nilisema wengine, nikamruka yeye. Mkurugenzi aliongeza mwenyewe, alisema meza nzima iondoke. Nilipinga, Maswali. Unadhani ningeweza? Yule ni mama yangu pia."

Maswali alitaka kumwamini. Aibu yake kubwa, hata alipokuja kukumbuka baadaye, ilikuwa hiyo: pale pale penye ovaroli inayochuruzika, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inampigania mwanamume huyu, inamtafutia wakili.

"Asubuhi ulipokuwa umekaa pale nyuma," akasema taratibu, "ulikuwa unajua wanazuiwa getini?"

Meneja akaigusa ovaroli iliyoanikwa, kisha akaiachia.

"Mzee aliponiuliza sababu, nikasema niliwaahidi, ukanitikisia kichwa. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukapiga makofi."

"Nakupenda, nikapiga makofi! Ulitaka nifanye nini?"

Maswali akamrudishia maua. Hakuyatupa, aliyasukuma tu kifuani kwake mpaka akalazimika kuyapokea. "Nenda. Nisipokuita, usije."

*

Alimaliza siku kadhaa bila kugusa masahihisho. Kila alipofungua kompyuta, aliona jina la kiwanda na macho yakamwingia ukungu. Mama mdogo hakumgombeza. Alipika, akampakulia, akamwuliza kama maji ya kuoga yapo. Upole ule ulimchoma Maswali kuliko matusi yote ambayo Mama Pacha angeweza kuyapanga.

Mwisho akaenda ofisini kwa Daktari, akafunga mlango, akasema anataka kuiondoa tasnifu.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamsogezea boksi la tishu.

"Kwenye tasnifu umewataja?"

"Hapana."

"Umetaja nati?"

"Hapana, Daktari."

"Basi tasnifu haikumsaliti mtu. Mdomo wako ndio." Alisema bila ukali, lakini hakulipunguza neno lile. "Ulikuwa unapenda, najua. Na mimi nilishapenda, usinione hivi. Lakini ukiiondoa kazi hii leo, kitakachobaki ni neno la meneja peke yake, kwamba wale ni waharibifu. Hapa ndipo mahali pekee palipoandikwa kwamba walikuwa wamechoka. Nenda kawaulize wao. Wakisema uichome, tutaichoma pamoja."

Maswali akaenda nyumba kwa nyumba. Binti mjamzito alilia, akakubali. Wengine walimsikiliza wakiwa wamesimama mlangoni, bila kumkaribisha kiti. Mama Pacha alikuwa anaosha vyombo, na aliendelea kuosha.

"Unataka ruhusa yangu?"

"Naitaka, mama. Na naomba radhi."

"Radhi utaisubiri. Bado naitafuta, sijui niliiweka wapi." Akasugua sufuria kwa nguvu. "Nilisikia tasnifu yako ina kurasa nyingi sana za mashine. Mwendo wake, joto lake, inasimama lini. Sasa rudi kaandike na mgongo wangu. Andika unavyouma, unaanzia wapi, unaishia wapi. Ukimaliza, peleka unakotaka."

Maswali akarudi nyumbani, akafungua kompyuta, akaandika. Jioni ile mama mdogo akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mwenzio amenipigia simu," akasema. "Anataka kuja Jumapili. Na mama yake."

Maswali akaacha kuandika. "Mama yake? Aje hapa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mama, sitaki kumwona."

"Unataka," akasema mama mdogo. "Nimekulea mimi, usinifundishe uso wako. Waache waje. Kama kweli alinipigania kwa mkurugenzi, tumsikie. Kazi ni kazi tu, mwanangu. Mimi nilikukuta wewe kabla sijaikuta sabuni."

*

Jumapili mama yake Meneja aliingia na manukato yake, akaiangalia sebule mara moja, kona hadi kona, kisha akaketi na kumpa mama mdogo mkono wake kwa heshima zote. Meneja alikaa kando yake. Alikuwa amekonda. Maswali aliona, akajichukia kwa kuona, akajichukia zaidi kwa kutaka kumwuliza kama amekula.

Wakanywa chai. Wakazungumza habari za joto na bei za vitambaa. Kisha mgeni akaweka kikombe chini.

"Mama mwenzangu," akasema, "mimi ni mtu wa kunyooka. Nimechelewa kuja hapa, na najua mmenisema. Mngekuwa watu wa ajabu msingenisema. Lakini msidhani nilimkataa binti. Binti ni mzuri, ameelimika, ana adabu. Kikwazo kilikuwa kimoja, na sasa kimeondoka, ndiyo maana nimekuja."

"Kikwazo gani, dada yangu?" mama mdogo akauliza.

"Mama, haya tutayazungumza siku nyingine," akasema Meneja haraka.

"Siku nyingine ya nini? Wakubwa wanazungumza." Akamgeukia mama mdogo tena, akainama mbele kwa wema. "Nilimwambia mwanangu, siwezi kuketi ukumbini siku ya harusi, wageni wangu wananiuliza mama wa bibi harusi ni yupi, halafu niseme ni yule anayefunga sabuni chini ya mwanangu. Mkwe wako unampigia saluti kazini asubuhi, jioni anakuita mama? Haikai vizuri. Nikamwambia akutoe pale, hata kwa heshima, ndipo nitakuja. Akasema, mama, nipe muda, njia nitaipata. Kwa kweli sikutegemea ataipata mapema hivi." Akatabasamu. "Sasa utapumzika nyumbani, dada. Watoto watakutunza. Umefanya kazi vya kutosha."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anadundisha mpira ukutani.

Maswali alimtazama Meneja. Yale macho mazito aliyoyapenda yalikuwa yametua kwenye kijiko cha chai, na hayakunyanyuka.

"Jina langu," mama mdogo akasema taratibu. "Kumbe ndilo lilikuwa la kwanza."

"Mama..." Meneja akaanza.

"Usiniite hivyo leo. Nitazoea kesho, lakini leo usiniite." Akakusanya vikombe kwenye sinia, na kumgeukia mgeni. "Asante kwa kuja, dada. Wewe umekuwa mkweli kwetu kuliko mwanao. Ila jibu la posa si langu. Mwenyewe yupo hapo."

Mgeni akatazama huku na huku, sasa akianza kuelewa kwamba amekanyaga kitu, bila kujua ni nini. Maswali akasimama.

"Mama, nakushukuru. Sitaolewa na mwanao."

"Kwa ajili ya kazi ya kufunga sabuni?"

"Kwa ajili yake yeye."

Meneja alibaki nyuma mama yake alipotangulia garini. Akamfuata Maswali hadi barazani, akamshika kiwiko, na Maswali akakiacha kiwiko chake mkononi mwake kwa kitambo kifupi, maana mwili huchelewa kupata habari.

"Nilifanya kwa ajili yetu," akasema. "Bila hivyo mama asingekubali kamwe. Ningekwambia ungekataa. Nilitaka tuoane, Maswali. Hilo tu."

"Watu wengine pale mezani walikufanya nini? Yule mjamzito?"

"Ningemtoa mmoja peke yake, ungejua ni mimi."

Alisema hivyo na kisha akasikia alichokisema.

Maswali akakivuta kiwiko chake. Aliongea polepole, kwa sababu angeharakisha angelia. "Nilikuwa na siri moja tu ambayo haikuwa yangu. Nikakupa. Sikukupa kwa sababu uliniomba, nilikupa kwa sababu ilikuwa inachekesha na nilitaka kukuona unacheka. Ukacheka. Ukaibusu. Halafu ukaenda nayo."

"Kwa hiyo nimekupoteza?"

"Hujanipoteza. Umeniuza. Kilichopotea mtu hukitafuta."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Alisikia gari likiwaka, likakaa pale linanguruma muda mrefu bila kuondoka, kisha likaondoka.

*

Kiwandani mashine haikusimama tena. Kwenye meza waliwekwa watu wapya, na baada ya muda malori yakaanza kurudi na maboksi yaliyofumuka na sabuni zilizochanika karatasi. Daktari, ambaye hakuombwa na mtu, alimpelekea mkurugenzi nakala ya tasnifu na kumtaka asome sura ya nne tu, ile ya mapumziko. Mkurugenzi alisoma. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, lakini alikuwa mtu wa kupenda mzigo wake. Wanawake wakaitwa warudi, na mapumziko ya mchana yakawekwa. Mama Pacha alirudi na kuingia getini akiimba. Binti mjamzito aliambiwa nafasi yake itamsubiri mpaka ajifungue. Meneja hakuguswa. Kwenye taarifa ya kiwanda, wazo la mapumziko liliandikwa kuwa la idara yake.

Mama mdogo alikataa. "Siwezi kupita mbele ya ofisi yake kila asubuhi na kusema shikamoo moyoni," akasema. Akaanza kushona mashuka na mapazia pale sebuleni, na siku za kwanza alikosea vipimo, akawa anajicheka mwenyewe.

Asubuhi moja Maswali alipeleka ofisini kwa Daktari nakala iliyojalidiwa, jalada gumu la rangi ya samawati, jina lake limechapwa kwa dhahabu ubavuni. Daktari akapekua hadi kwenye sehemu mpya, ile iliyoeleza maumivu ya mgongo wa mfungashaji yanaanzia wapi na yanaishia wapi, akaisoma yote akiwa amesimama. Kisha akasaini.

"Basi," akasema. "Umemaliza."

Maswali akashuka ngazi huku amekumbatia kazi yake. Jua lilikuwa limejaa uwanjani, wanafunzi wanapita wakicheka. Akatoa simu, na kabla hajafikiri lolote, kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye jina la Meneja. Kilikwenda chenyewe. Habari njema zote za miaka hii, mtu wa kwanza kuzisikia alikuwa yeye, na kidole hakikuwa kimeambiwa kwamba mambo yamebadilika.

Akasimama pale kwenye ngazi, watu wakimpita kushoto na kulia, akilitazama lile jina mpaka herufi zikaanza kuogelea. Akafuta macho kwa kiganja. Kisha akampigia mama mdogo.

Nyuma ya sauti yake ilisikika cherehani, halafu ikanyamaza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Wamesaini."

"Hongera, mwanangu. Hongera sana." Mama mdogo akashusha sauti. "Umemaliza vyote viwili, kisomo na mwenzio?"

Maswali akakaa chini, pale pale ngazini, tasnifu mapajani.

"Kimoja, mama," akasema. "Kingine bado."